Bruce McLaren: Fundi aliyeshika usukani

Jumatano ya tarehe 3 Juni 1970, mafundi wa karakana moja ya magari ya mbio huko Colnbrook, magharibi mwa London, hawakutakiwa kazini. Mchana wa siku iliyotangulia tajiri wao alikuwa amefariki dunia akijaribu gari jipya katika uwanja wa Goodwood, kusini mwa Uingereza. Wakubwa waliobaki waliwaambia watu wakae nyumbani, walie msiba wao. Asubuhi ilipofika walikuwa wote pale karakanani, kila mtu kwenye kazi yake. Mbio za kwanza za msimu zilikuwa zifanyike Kanada baada ya siku 11, na magari hayakuwa tayari.

Marehemu aliitwa Bruce McLaren. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Leo jina hilo limeandikwa kwenye yale magari ya rangi ya chungwa ambayo vijana wetu huyatazama kwenye televisheni kila wikiendi ya Formula 1, na kwenye magari ya kifahari ambayo wengi tutayaona kwenye picha tu. Wengi wanaolitaja hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu, mwenye mke na mtoto, aliyechechemea anapotembea. Wanaojua humtaja kama mwanzilishi wa timu ya Formula 1, kisha huendelea na hadithi za mabingwa waliomfuata. Naona hapo tunamdhulumu. McLaren alikuwa kwanza fundi, akawa dereva, na gari la kwanza kuitwa kwa jina lake halikuwa la Formula 1 hata kidogo. Lilikuwa gari la michezo la viti viwili.

Alizaliwa Auckland, New Zealand, tarehe 30 Agosti 1937. Wazazi wake, Les na Ruth, walikuwa na kituo cha mafuta chenye gereji katika barabara ya Upland, mtaa wa Remuera. Les mwenyewe alikuwa ameshindana kwa pikipiki, kwa hiyo mtoto alikulia katikati ya harufu ya petroli na mazungumzo ya mashindano. Alipofika umri wa miaka tisa alianza kuchechemea. Madaktari wakagundua kwamba ana ugonjwa wa Perthes. Katika ugonjwa huo damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, na kwa kuwa mtoto bado anakua, mfupa hulainika na kupoteza umbo lake. Tiba ya siku zile ilikuwa kulazwa tu. Bruce alipelekwa kwenye makao ya watoto ya Wilson, Takapuna, akafungwa kwenye fremu ili nyonga isibebe uzito, akakaa hivyo karibu miaka miwili. Alipotoka, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na ulibaki hivyo hadi kufa kwake. Huo ndio mguu uliokuja kukanyaga klachi kwenye viwanja vikubwa vya Ulaya na Marekani.

Gari lake la kwanza lilifika gereji likiwa vipandevipande. Lilikuwa Austin 7 Ulster ya mwaka 1929, injini ya cc 747, ndogo kuliko ya Vitz tunazopishana nazo Dar es Salaam na Nairobi. Les alilinunua kwa nia ya kuliunga na kuliuza apate faida. Mwanawe akambembeleza wasiliuze, wakaliunga pamoja, na mwaka 1952, Bruce akiwa bado mwanafunzi, akaingia nalo kwenye mashindano ya kupanda kilima huko Muriwai, pwani ya magharibi ya Auckland. Hapa ndipo msingi wake ulipo. Kila kilichokuwa ndani ya gari lile alikuwa amekishika kwa mkono kabla hajakisikia kwa mwili akiwa kwenye kiti. Madereva wengi wa enzi yake waliweza kusema gari linasumbua kwenye kona. Yeye aliweza kusema kwa nini linasumbua, kisha akachukua spana.

Jack Brabham, dereva na fundi kutoka Australia, alipokuja kushindana New Zealand alifikia gereji ya McLaren, akamwona kijana huyu na akamwamini. Mwaka 1958 waandaaji wa Grand Prix ya New Zealand walianzisha mpango wa kumpeleka Ulaya dereva chipukizi, na wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Bruce. Akaenda na rafiki yake fundi, Colin Beanland, wakapokelewa na kampuni ya Cooper, iliyokuwa na karakana ndogo Surbiton, nje kidogo ya London. Agosti mwaka huohuo alishindana Nürburgring, Ujerumani, akiwa na gari la daraja la pili, Formula 2, lililoruhusiwa kukimbia pamoja na magari makubwa. Akawa wa kwanza katika daraja lake na wa tano kwa jumla. Alikuwa hajatimiza miaka 21.

Mwaka uliofuata alikuwa dereva wa kiwanda cha Cooper, chini ya Brabham. Tarehe 12 Desemba 1959, katika uwanja wa Sebring, Florida, Brabham alikuwa anaongoza alipoishiwa petroli kwenye mzunguko wa mwisho. Alishuka, akalisukuma gari lake kwa mikono hadi mstarini, akashika nafasi ya nne na kutwaa ubingwa wa dunia. Kijana aliyempita akashinda mbio zile alikuwa na miaka 22 na siku 104. Rekodi hiyo ya mshindi mdogo kuliko wote wa Grand Prix za Formula 1 ilikaa hadi mwaka 2003, alipoivunja Fernando Alonso huko Hungary. Mwaka 1960 Bruce alimaliza wa pili katika ubingwa wa dunia, nyuma ya Brabham, na mwaka 1962 akashinda Monaco.

Angeweza kuridhika hapo. Lakini Cooper walikuwa wanaanza kuchelewa. Waliokuwa wa kwanza kufanikiwa katika Formula 1 kwa kuweka injini nyuma ya dereva sasa walikuwa wanapitwa na Lotus, na mawazo ya Bruce yalikuwa yanakwama mezani. Kwa ajili ya mbio za kiangazi za New Zealand na Australia alitaka magari mepesi zaidi, yaliyotengenezwa kwa urefu wa mbio zile. Akaamua kuyaandaa mwenyewe. Mwaka 1963 akasajili kampuni, Bruce McLaren Motor Racing. Karakana ya kwanza ilikuwa banda la New Malden, sakafu ya udongo, na ndani yake kulikuwa pia na greda la barabara. Mafundi wake wawili wa mwanzo walikuwa Wally Willmott, kutoka nyumbani New Zealand, na Tyler Alexander, Mmarekani aliyekuja kufanya kazi na timu hiyo kwa miongo kadhaa.

Msiba uliwapata kabla hawajakaa sawa. Dereva wa pili wa safari ile ya kwanza alikuwa Mmarekani kijana, Timmy Mayer. Februari 1964, katika mazoezi ya Longford, kisiwani Tasmania, gari lake liliruka kwenye kilima cha barabara likagonga mti, akafa. Bruce alitwaa ubingwa wa mashindano yale, lakini alirudi Uingereza bila mwenzake. Kaka wa marehemu, Teddy Mayer, alikuwa mwanasheria. Angeweza kuzika na kuondoka, asitake tena kusikia mlio wa injini. Alibaki, akaweka fedha na akili yake kwenye kampuni, akawa mtu wa hesabu na mikataba na mgumu wa mazungumzo, ili Bruce apate nafasi ya kuwa Bruce. Sijui timu nyingine kubwa ya mbio iliyosimama juu ya uamuzi mzito namna hii wa mtu aliyefiwa.

Mwaka huohuo walinunua gari lililokuwa likimilikiwa na Roger Penske, ambalo lenyewe lilikuwa limeundwa kutokana na Cooper ya Formula 1 iliyopata ajali. Walilikata katikati, wakaunda upya kiunzi cha kati, wakatoa injini ya awali na kuweka V8 ya Oldsmobile, ya alumini, nyepesi kwa ukubwa wake. Juni 1964 Bruce alishinda nalo Mosport, Kanada. Hapo kila mtu karakanani alijua kwamba kama wanaweza kushinda na gari la kuungaunga, wanaweza kujenga la kwao kuanzia bomba la kwanza. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa limetoka: M1A, gari la michezo lililo wazi juu, la kwanza kuitwa McLaren. Watu walipoliona wakataka kununua. Kampuni ya Elva, iliyokuwa chini ya Trojan, ikachukua kazi ya kuyatengeneza magari ya wateja, na timu ya Bruce ikabaki na kazi ya kubuni na kushindana.

Kuna kisa kimoja kinachomweleza kuliko takwimu. Alikuwa uwanjani anajaribu gari. Akiwa kwenye kasi aliona kifuniko kidogo cha tundu la mafuta kwenye pua ya gari kinapigapiga, kinainuka na kushuka. Kwa mujibu wa elimu ya wakati ule upepo ulitakiwa kukikandamiza, na kadiri kasi inavyozidi ndivyo kinavyotakiwa kutulia. Kumbe kilizidi kucheza. Dereva mwingine angerudi akamgombeza fundi kwa kutokifunga vizuri. Bruce alielewa kwamba hewa ndani ya pua ilikuwa na shinikizo kubwa kuliko hewa inayopita juu yake: inaingia kupitia rejeta, inakosa pa kutokea, inalisukuma gari juu. Aliingia eneo la matengenezo, akachukua mkasi wa bati, akakata bodi nyuma ya rejeta palepale, akarudi uwanjani. Mizunguko ikawa ya haraka zaidi. Matundu ya namna ile juu ya pua ya gari yamekuwa ya kawaida kwenye magari ya mbio tangu zama zile.

Mwaka 1966 ulikuwa mwaka wa mambo mengi. Mwezi Mei, Monaco, gari la kwanza la Formula 1 la McLaren liliingia mashindanoni. Mbunifu wake, Robin Herd, alikuwa ametoka kwenye utafiti wa ndege ya Concorde, akalijenga kwa Mallite, yaani mbao nyepesi ya balsa iliyobanwa katikati ya karatasi mbili za alumini. Mwili wa gari ulikuwa mgumu ajabu. Injini ilikuwa balaa: Ford ya Indianapolis iliyopunguzwa ujazo, nzito, yenye kelele na uchu wa petroli. Bruce alijitoa mapema, oili inavuja.

Mwezi mmoja baadaye alishinda saa 24 za Le Mans, Ufaransa, akiwa na Chris Amon, naye wa New Zealand, kwenye Ford GT40 nyeusi. Ushindi huo una dosari ambayo si yao. Ford walikuwa na magari matatu mbele na walitaka picha, wakaagiza yafike mstarini pamoja. Ken Miles, aliyekuwa gari moja na Denny Hulme, alipunguza mwendo kutii amri. Waamuzi wakasema kwamba gari la McLaren na Amon lilianzia nyuma zaidi wakati wa kuondoka, kwa hiyo lilikuwa limesafiri umbali mkubwa kidogo. Likapewa ushindi. Miles alikufa miezi miwili baadaye akijaribu gari jingine la Ford. Naamini Miles aliporwa, na naamini pia kwamba McLaren na Amon waliendesha saa 24 za kushinda. Yote mawili ni kweli na hayafutani.

Lakini roho ya Bruce ilikuwa kwenye mbio za Can-Am. Zilianza mwaka 1966 nchini Marekani na Kanada, na kanuni zake zilikuwa chache kuliko za mashindano yoyote makubwa ya wakati ule. Gari liwe na viti viwili na bodi inayofunika magurudumu. Injini, ukubwa wowote. Uzito, wowote. Zawadi ilikuwa ya fedha nyingi, na watengenezaji walimiminika. Msimu wa kwanza alishinda John Surtees na gari la Lola. McLaren walirudi nyumbani, wakaketi, wakaunda M6A, na wakapata mwenzao mpya garini: Denny Hulme, mtu wa New Zealand, mkimya, mwenye mikono mikubwa, ambaye mwaka huo wa 1967 alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 akiwa na timu ya Brabham. Magari yalipakwa rangi ya chungwa. Katika mbio sita walishinda tano, na Bruce akawa bingwa. Mwaka 1968 bingwa alikuwa Hulme. Mwaka 1969 Bruce tena.

Huo mwaka wa 1969 unastahili kutazamwa kwa makini. Mbio zilikuwa 11. McLaren walishinda zote 11, Bruce sita na Hulme tano. Katika uwanja wa Michigan walileta gari la tatu, lile la akiba, wakampa Dan Gurney aliendeshe, na magari ya chungwa yakamaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu. Gari lao, M8B, lilibeba bawa juu ya nguzo nyuma, lililokandamiza magurudumu moja kwa moja, na V8 ya Chevrolet ya lita 7 yenye nguvu za farasi zaidi ya 600. Injini waliziandaa wenyewe.

Watu walitafuta siri. Haikuwepo nyingine zaidi ya kazi. Wapinzani walikuwa wanamaliza kujenga magari yao wiki ya mbio za kwanza, rangi haijakauka, na msimu wao ulikuwa ndio majaribio yao. McLaren walimaliza mapema, wakaenda Goodwood, uwanja ambao ulikuwa umefungwa kwa mashindano tangu 1966 lakini uliruhusu majaribio, wakazunguka siku baada ya siku hadi kila kinachoweza kuvunjika kiwe kimevunjikia pale, mbali na macho ya watu. Bruce ndiye aliyeendesha sehemu kubwa ya majaribio hayo. Tajiri wa kampuni, mwenye jina lake ubavuni mwa gari, alikuwa pia mfanyakazi wake wa hatari zaidi. Kisha, msimu ulipokwisha, mtu yeyote mwenye fedha aliweza kununua kutoka Trojan gari linalofanana na lililombwaga.

Juni 1968, Spa, Ubelgiji, alipata ushindi ambao Formula 1 inamkumbukia. Jackie Stewart alikuwa anaongoza, akalazimika kuingia kuongeza petroli mwishoni kabisa. Bruce akapita bila kujua kwamba sasa yeye ndiye wa kwanza, akavuka mstari akidhani ni wa pili, na ilibidi aambiwe. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa gari la McLaren katika mbio za ubingwa wa dunia. Hadi leo ni watu watatu tu walioshinda mbio za namna hiyo ndani ya magari waliyoyajenga wao wenyewe: Brabham, Gurney na McLaren.

Na bado alikuwa na hamu ya kitu kingine, ambacho kwangu ndicho kinachomkamilisha. Alitaka kujenga gari la barabarani, lenye namba za usajili, ambalo mteja angeliendesha kwenda kazini. Lilianza kama mpango wa kulifunika M6 paa ili lishindane katika daraja la magari ya saa nyingi kama Le Mans. Kanuni zilidai idadi ya magari ambayo karakana ndogo isingeweza kuitimiza kwa wakati, mpango ukaanguka, na Bruce akaugeuza. Likatoka M6GT: jekundu, fupi kimo kuliko kiuno cha mtu, V8 ya Chevrolet nyuma ya mabega ya dereva, mwili ulioungwa kama wa gari la mbio lililoshinda Can-Am. Liliundwa kuweza kupita kilomita 250 kwa saa, wakati barabara za Uingereza zilikuwa zimeshawekewa kikomo cha chini ya nusu ya kasi hiyo.

Lenye namba OBH 500H alilifanya gari lake la kila siku. Alitoka nalo nyumbani Surrey akaenda nalo Colnbrook, akarudi nalo jioni, na njiani akawa anafanya kazi. Aliorodhesha kinachokera: joto ndani ya chumba cha abiria, kelele, mahali pa kuweka mzigo, namna ya kuingia na kutoka bila kudhalilika. Alifikiria kuyatengeneza kwa mamia. Yalikamilika machache tu. Baada ya kifo chake gari lile lilikaa kwa Hulme kwa miaka mingi.

Mei 1970 timu ilikuwa Indianapolis kwa mara ya kwanza. Katika mazoezi, mafuta ya methanoli yalimwagikia Hulme yakiwa yanawaka, na moto wa methanoli hauonekani mchana. Mikono yake iliungua vibaya. Bruce akarudi Uingereza kuandaa gari la Can-Am la msimu mpya, M8D. Mabawa ya juu yalikuwa yamepigwa marufuku, hivyo gari lilipewa mapezi mawili marefu nyuma na bawa la chini katikati yake. Jumanne ya tarehe 2 Juni alikuwa Goodwood. Akiwa kwenye njia iliyonyooka ya Lavant, kwa kasi kubwa, kipande cha nyuma cha bodi kilichofunika injini kilifumuka kikang'oka. Bawa likaenda nacho. Gari lililokuwa likishikiliwa na upepo barabarani likaachwa ghafla bila mshiko nyuma, likazunguka, likatoka nje ya njia na kugonga kibanda imara cha wasimamizi, ambacho hakikuwa na kazi tena kwa kuwa uwanja haukuwa wa mashindano. Alikufa palepale. Aliacha mjane, Patty, na binti mdogo, Amanda.

Nimesoma watu wakiita kifo hiki hatima ya mtu jasiri. Siafiki. Kilikuwa ajali ya kazi, kama fundi anavyoangukiwa na gari kwenye jeki, na laiti kibanda kile kingekuwa kimebomolewa, huenda angetoka mzima. Hata bodi ya gari ingeweza kufungwa kwa pini madhubuti zaidi. Madereva wa miaka ile walikufa kwa wingi kwa sababu ya mambo madogo ambayo mtu angeweza kuyarekebisha, na ndivyo yalivyorekebishwa baadaye, baada ya wao kufa.

Tarehe 14 Juni magari mawili ya chungwa yalikuwa Mosport, Kanada. Dan Gurney, aliyeombwa aje kushika nafasi ya Bruce, alishinda. Denny Hulme, mikono imefungwa bandeji, akiwa na maumivu hata ya kubadili gia, alimaliza wa tatu. Msimu ule wa mbio 10 McLaren walishinda tisa na Hulme akawa bingwa. Peter Revson akatwaa ubingwa mwaka 1971. Timu ile, chini ya Teddy Mayer, ikampa Emerson Fittipaldi ubingwa wa dunia mwaka 1974 na James Hunt mwaka 1976, na magari yake yakashinda Indianapolis 500 mwaka 1972, 1974 na 1976. Ndoto ya gari la barabarani ilichukua muda mrefu zaidi. Lilitoka mwaka 1992, likabuniwa na Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, dereva akiwekwa katikati na abiria wawili pembeni yake. Yalijengwa 106 tu, na mwaka 1995 moja likashinda Le Mans.

Tunajua habari hizi kwa undani kwa sababu watu walizitunza. Bruce mwenyewe alikuwa na safu ya kawaida ya magazetini, akisaidiwa na mwandishi Eoin Young, aliyekuwa pia karani wake wa kwanza. Mafundi wake, Tyler Alexander akiwemo, waliandika vitabu uzeeni. Ile Austin 7 ipo makao makuu ya McLaren huko Woking, wageni wanaiona.

Huku kwetu tulikuwa na watu wa jadi hiyohiyo. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla hajaitwa Simba wa Kenya. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally akiwa na kaka mdogo wake, Jaswant, kwenye Volvo iliyokwishatumika, na mwaka 1974 na 1976 akashinda tena kwa Mitsubishi Lancer. Alifariki mwaka 2013. Nyuma ya ushindi kama ule walikuwapo mafundi wa Nairobi, Kampala, Mombasa na Dar es Salaam, waliochomelea kingo za chini ya gari usiku kucha, waliobadili springi kando ya barabara yenye tope, wakijua kona zote kati ya Taita na Ziwa Victoria. Majina yao hayamo kwenye orodha za washindi, na walio hai ni wazee sasa. Kama mmoja wao ni baba yako, babu yako au jirani wa mtaani kwako, nenda ukaketi naye wiki hii ukiwa na daftari au simu ya kurekodi. Muulize alitengeneza gari gani, la nani, mwaka gani, na lilikuwa na kasoro gani. Andika anavyosema, na jina lake uliandike kamili.